Glasi seramiki ya kufungia taka za nyuklia: nyota nne, ila sio kwa kila taka

Naona watu wanaisifia hii glasi seramiki, yaani kioo kilichooteshwa fuwele ndani yake, kama vile kioo cha kawaida cha kufungia taka za nyuklia kimeshapitwa na wakati. Mi naipa nyota nne kwa tano kwa taka zenye plutoniamu, kwa taka zingine naipa tatu na hapo nimekuwa mpole.

Tusikionee kioo bana. Ufaransa walianza kugandisha taka kali kwenye kioo cha borosilikati (kioo chenye boroni na silika) pale Marcoule mwaka 1978, La Hague wanaendelea mpaka leo, Waingereza wako Sellafield, Wamarekani wako Savannah River tangu 1996. Unayeyusha taka pamoja na malighafi ya kioo kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1000, unamimina kwenye kopo la chuma cha pua, basi. Kioo hakichagui sana, elementi nyingi tu kinazimeza. Ila ukikiletea molibdenamu nyingi, metali iliyomo kwenye taka hizo, kinagoma, ile ya ziada inajitenga inakuwa tabaka la manjano linaloyeyuka kwenye maji, alafu linajibebea na seziamu yenye mionzi humohumo, yaani kile ulichotaka kukifungia ndani ndo kimekaa mlangoni. Plutoniamu nayo haiingii nyingi.

Sasa glasi seramiki wanachofanya ni kuacha fuwele ziote ndani ya kioo kwa makusudi. Plutoniamu inaingia kwenye fuwele za madini yanayoitwa zirkonolaiti, uchafu mwingine unabaki kwenye kioo kilichoizunguka, kwa hiyo maji yakija yanapambana na kioo kwanza ndo yakutane na fuwele. Na zirkonolaiti ndo imenishawishi kuliko yote, maana ipo kwenye miamba ya asili, imebeba urani na thori kwa mamia ya mamilioni ya miaka, mionzi ya alfa imevuruga mpangilio wa atomi zake mpaka imevimba kidogo na bado imeshikilia mzigo. Plutoniamu-239 nusu-maisha yake ni miaka 24,100, hakuna maabara itakayosubiri hiyo, ushahidi wa mwamba wa zamani ndo wa maana. Mwaustralia Ted Ringwood aliliona hilo mapema akaja na Synroc, yaani mwamba wa kutengenezwa, mwishoni mwa miaka ya 1970, ile ni seramiki tupu, nzuri mno lakini inataka taka inayojulikana vizuri, uchafu ukibadilikabadilika unakosa fuwele ya kuupokea. Glasi seramiki inasamehe zaidi hapo, kilichokosa fuwele kinaingia kwenye kioo.

Utengenezaji una raha na karaha. Njia inayopendwa ni ya kubana kwa gesi ya moto: unga mkavu unajazwa kwenye kopo la chuma, linazibwa, linabanwa pande zote na gesi ya argoni yenye joto na presha kubwa mpaka linakunjamana linakuwa dogo. Seziamu haina pa kutorokea kama mvuke, hapo safi kabisa. Ila ni kopo moja moja, wakati tanuri la kioo linamimina tu, kwa hiyo kama una matangi yamejaa taka za maji na tanuri tayari unalo, baki na kioo chako.

Alafu sio kila fuwele ni rafiki. Nefelini, fuwele ya sodiamu, alumini na silika, ikiota inanyonya silika na alumina kutoka kwenye kioo, kinachobaki kinakuwa dhaifu kuliko mwanzo. Na ukienda kwa njia ya kuyeyusha na kupooza taratibu, katikati ya kopo kubwa panachelewa kupoa kuliko pembeni, fuwele zinatoka tofauti saizi na hata aina, wakati sampuli ya maabara ni kidude kidogo kilichopozwa vizuri sawasawa. Kwa hiyo ukiletewa majibu ya kile kipimo cha kusaga kipande na kukiloweka siku 7 kwenye maji ya nyuzi 90 kuona kinavuja kiasi gani, yakiwa yanang'aa, uliza kipande walichosaga kilitoka sehemu gani ya kopo, na kama halikuwepo kopo kabisa uliza pia.