Poloneki za msimu wa baridi: kagua shingo kabla ya kuuliza bei

Juni ikifika na mawingu yakitulia juu ya Menengai, Nakuru, wasomaji wangu huniuliza swali lile lile: poloneki, ile sweta ya kola ndefu inayofunika shingo, inapendeza kweli, ama inamfanya mtu aonekane hana shingo? Mwaka huu swali limeandamana na malalamiko. Dada mmoja wa Lanet alinunua yake butiki kwa shilingi 1,500. Jioni ya kwanza akiivua, rasta zikiwa zimefungwa juu, akasikia "krrr". Uzi wa shingoni umekatika. Kurudi dukani akaambiwa nguo ikishavaliwa ni yako. Mwingine wa Molo, ambako baridi haina mzaha, anasema ya kwake haikukatika, ililegea tu, na sasa kola imelala kifuani kama kamba ya kitambulisho cha kazini.

Kwa hivyo leo sina habari na rangi. Nyeusi inaenda na kila kitu, hilo hukuhitaji mimi nikuambie. Saizi yako pia unaijua.

Kuhusu kupendeza: inapendeza, na fasheni haijaitupa. Kinachomharibia mtu si shingo fupi, ni kola nene. Ile ya kukunjwa mara mbili inakula nafasi yote kati ya kidevu na mabega, hata ungekuwa na shingo ya twiga. Mwenye shingo fupi au kifua kikubwa atafute iliyofumwa kwa nyuzi nyembamba, kola ya kusimama isiyokunjwa, inayoishia katikati ya shingo. Juu avae koti bila kulifunga vifungo. Basi.

Sasa tuje kwenye mshono, kitu ambacho sijaona mnunuzi akikiangalia. Geuza kola ndani nje. Tafuta pale inapoungana na sweta, shika kwa mikono miwili, vuta hadi upana wa kichwa chako pamoja na nywele ulizosuka, si kichwa kitupu. Uzi ukikaza kabla ya kitambaa, rudisha. Sweta iliyofumwa vizuri, kola huunganishwa tundu kwa tundu, kwa hivyo mshono unavutika pamoja na sweta. Zile za kukatwa na kushonwa hupitishwa ovaloki, ile mashine ya kushona kingo, na fundi akiwa amekaza uzi, uzi ndio unaotangulia kwenda. Kisha achilia, uangalie kola inarudi vipi. Yenye spandeksi kidogo, uzi unaovutika kama raba, hata asilimia 3, inarudi mara moja. Isiyorudi ukiwa bado kibandani haitarudi ukifika nyumbani.

Nambari moja kwenye orodha yangu ya za kununua, na simwombi mtu radhi, ni Marks & Spencer (duka la Uingereza) ya mtumba. Sweta zao za sufu laini zina kola iliyounganishwa kwa adabu, na lebo ya ndani inakwambia imefumwa kwa nini, asilimia kwa asilimia. Ukikuta imeandikwa St Michael, hiyo ni lebo yao ya zamani waliyoiacha mwaka 2000. Nguo imeshapita miaka 20 na unakuta shingo bado imesimama! Iinue kwenye mwanga uone kama nondo wamepita, halafu kagua makwapa. Nyumbani ioshe kwa maji baridi na shampuu, maana sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vinavyokula sufu. Usiianike kwenye kamba. Ilaze juu ya taulo, la sivyo maji yataivuta shingo na utanilaumu bure.

Ya pili ni ya kufumiwa. Mpelekee mama anayefuma mtaani kwenu uzi wa Ken-Knit wa Eldoret. Ni akriliki, haina joto la sufu, lakini inavumilia kuoshwa. Mwambie kola iwe ya mbavu, ile mistari ya wima inayovutika, amalizie bila kukaza, na aache mpasuko wenye vifungo vitatu nyuma ya shingo. Hivyo vifungo vitatu ni dawa ya rasta, na sijui kwa nini viwanda vingi haviviweki. Uniqlo Heattech, nguo ya joto ya kampuni ya Japani, naiweka ya tatu: nyembamba, ya kuvaliwa ndani ya blauzi na wale wanaopanda matatu ya Nairobi alfajiri. Kisumu achana nayo, utatoka jasho kabla ya saa nne.

Za butiki ni za nne. Za mia mbili barabarani, chukua kama unataka ya msimu mmoja.

Butiki nimezishusha kwa sababu ya wenye butiki. Mei poloneki ni 900. Wingu moja likipita, ni 1,500, na ni ile ile, bado ina vumbi la hanga. Kuijaribu huruhusiwi, eti utaichafua kwa poda. Ukiuliza imetoka wapi, Uturuki. Siku hizi kila kitu kimetoka Uturuki, hata kile chenye lebo iliyokatwa kwa mkasi. Wa mtandaoni ndio wamezidi. Picha ni ya mrembo fulani akiwa kwenye theluji, na ukiuliza bei kama watu wengine unajibiwa "njoo inboksi". Inboksi kuna siri gani? Bei ya sweta si matokeo ya vipimo vya hospitali. Afadhali muuza mitumba wa soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili asubuhi anayepiga kelele ya bei mpaka ng'ambo ya barabara. Ukimfikia mapema, wakati beli ndiyo inafunguliwa, kamera, yaani zile nguo bora kabisa, zinakuwa bado ziko juu.

Na mtu akiona Marks & Spencer ya kijani kibichi, saizi 14, anitumie picha. Na bei aiandike hapo hapo.