Geuza chupa kwanza: mafuta na losheni za kupaka, kuanzia ya kununua mpaka ya kukimbia

Mi nilikuwa mtu wa kununua losheni kwa kunusa. Unafika dukani, unafungua kifuniko, unanusa, ikikukubali unalipa, imeisha hiyo. Mpaka siku nikanunua moja ya elfu 15, mbele imeandikwa SHEA BUTTER (mafuta ya kokwa za mti wa shea) kwa herufi kubwa, kuna picha ya kokwa na jani na tone la mafuta, nimefika nyumbani umeme umekatika sina cha kufanya nikaanza kusoma nyuma kwa tochi ya simu. Hiyo shea ilikuwa ya pili kutoka mwisho. Imetanguliwa na manukato! Elfu 15 yangu nimenunua maji, mafuta yanayotokana na mafuta ghafi na marashi, shea ilipita tu kusalimia.

Toka siku hiyo sinunui kitu cha kupaka mpaka nigeuze chupa. Muuzaji mmoja akaniuliza dada unanunua au unasoma gazeti. Nikamwambia nasoma.

Sasa, ile orodha ya maneno madogo nyuma ina utaratibu wake. Kitu kilichowekwa kwa wingi kinaandikwa kwanza, kinachofuata kinafuata, hivyo hivyo mpaka kwenye vitu vya chini ya asilimia 1, hapo sasa kiwanda kinaruhusiwa kuvipanga kinavyotaka. Kwa hiyo vitu vitano vya mwanzo ndo losheni yenyewe, vingine vyote ni vikolezo. Kuna neno moja linanisaidia sana, "Phenoxyethanol", hicho ni cha kuzuia isioze, na kwa sheria za Ulaya hakitakiwi kuzidi asilimia 1. Ukikiona kwenye orodha jua kwamba vinavyofuata baada yake kwa kawaida viko vya kugusia tu. Asali, parachichi, aloe vera, dhahabu sijui, vikiwa baada ya hapo ni mapambo.

Majina ya mimea ni ya Kilatini, na mengi ni yale yale karibu dunia nzima, ndo maana hata losheni ya Dubai iliyoandikwa Kiarabu mbele unaweza kuisoma nyuma. "Aqua" ni maji. "Petrolatum" ni mafuta ya mgando. "Paraffinum Liquidum" ni yale mafuta ya maji meupe tunayopaka watoto. "Butyrospermum Parkii" ndo shea, "Cocos Nucifera" nazi, "Helianthus Annuus" ni alizeti, ile ile ya Singida. "Parfum" ni manukato, na ndani ya neno hilo moja wanaweza kuficha vitu kumi na zaidi wasivitaje, kwa hiyo kama ngozi yako inawasha washa hovyo anza kumshuku huyo.

Haya, mpangilio wangu. Naongelea ngozi kavu na kupauka kwa mtu wa kawaida.

Namba 1: mafuta ya mgando yasiyo na harufu

Najua utasema ya kishamba. Lakini geuza kopo uone, kiambato kimoja tu, Petrolatum, hamna pa kudanganyiana. Huko Marekani mkemia Robert Chesebrough aliona wachimba mafuta wanapaka ule utando unaonata kwenye mitambo kwenye majeraha na sehemu walizoungua, akausafisha, akaupatia hataza mwaka 1872, na mpaka leo kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi bado hakijapatikana cha bei hiyo cha kumshinda. Sikiliza lakini, mgando hauongezi maji, unafunika yaliyopo. Watu wanapaka kwenye ngozi kavu kabisa halafu wanalalamika haufanyi kazi. Toka kuoga, jikaushe nusu nusu, paka ngozi ikiwa bado na unyevu. Mtoto mwenye pumu ya ngozi ndo wa kwake huo, ila uwe hauna harufu, maana mgando wa waridi na wa mtoto mara nyingi una Parfum.

Ubaya wake: unanata, vumbi lote la daladala ni lako, na usoni kwa joto la Dar ya mwezi wa pili utang'aa kama sufuria mpya. Mi Dar napaka miguu na mikono usiku tu. Lakini nikienda Njombe mwezi wa sita, ile baridi kavu inayopasua midomo, nambeba na kopo zima.

Namba 2: losheni yenye glisirini juu juu

Hii ndo ya mchana. Kwenye orodha ya nyuma tafuta "Glycerin" iwe ya pili au ya tatu, mara baada ya maji. Baada yake iwepo na mafuta fulani, mgando au shea au alizeti, ili kimoja kivute maji na kingine kiyafungie. Ukikuta na "Niacinamide" (aina ya vitamini B3) kabla ya mstari ule wa Phenoxyethanol umepata bahati, inasaidia mabaka ya chunusi taratibu, miezi sio siku. Ceramide (mafuta kama yale ya ngozi yenyewe) pia nzuri japo yenyewe inafanya kazi ikiwa kidogo, kwa hiyo huyu msamehe akiwa mwishoni.

Watu wanaogopa wakiona neno alcohol. Inategemea ni ipi. "Cetyl alcohol", "Cetearyl alcohol", "Stearyl alcohol" hizo ni za kulainisha, zinafanya losheni iwe nzito, hazikaushi kitu. Ya kuangalia ni "Alcohol denat." ikiwa juu kwenye orodha, hiyo ni spiriti, ngozi kavu haiitaki.

Na bei haikuambii chochote hapa. Nimeshaweka chupa mbili meza moja, moja bei mara tatu ya nyingine, viambato sita vya kwanza vilikuwa vilevile kwa mpangilio uleule.

Namba 3: krimu ya urea

Ya visigino. Phamasi muulize yenye urea asilimia 10, asilimia imeandikwa kwenye tyubu. Inavuta maji na inalainisha ile ngozi ngumu, paka usiku vaa soksi. Kama kisigino kimepasuka mpaka kina kidonda itakuchoma, subiri kipone.

Namba 4: glisirini ya chupa

Ile ya bei rahisi ambayo mama zetu walichanganya na maji ya waridi, na walikuwa sahihi kuchanganya, maana glisirini tupu ni nzito na inavuta maji popote ilipo. Hewa ikiwa na unyevu kama Tanga au Zanzibar mambo mazuri. Sehemu kavu ukiipaka peke yake inaweza kuvuta maji ya ngozi yako mwenyewe. Changanya na maji kwanza, paka, juu malizia na mafuta.

Namba 5: shea na nazi tupu

Nzuri, ila zinaangushwa na uhuni wa sokoni. Shea ya kweli kaskazini mwa Uganda ipo, mti wake unaota kule, ni laini na ina harufu yake kama ya moshi wa karanga, haina harufu ya pipi. Ukiona shea ya kopo inanukia vanila geuza usome. Mafuta ya nazi nayo, chupa inaandikwa Coconut Oil kumbe cha kwanza ni Paraffinum Liquidum, nazi ni jina tu. Kuna jaribio rahisi, nazi halisi inaganda chini ya nyuzi 24 hivi, iweke kwenye friji, ikikaa siku nzima bado inamwagika kama maji jiulize maswali. Usoni lakini nazi kwa wengi inaleta chunusi, mi mmojawapo, nimebaki nayo ya nywele na miguu.

Ya kukimbia: krimu za kung'arisha

Hizi sizipi namba. Geuza, ukikuta "Hydroquinone" rudisha, Ulaya waliitoa kwenye vipodozi vya ngozi zaidi ya miaka 20 iliyopita na kwetu pia imekatazwa. Ukikuta "mercury", "mercurous chloride", "calomel" au "mercurio" usirudishe tu, toka na hilo duka, hiyo ni zebaki, inapita kwenye ngozi inaenda kuharibu figo, na mama mwenye ujauzito anampa mpaka mtoto. Wajanja hawaiandiki kabisa, kwa hiyo krimu inayoahidi weupe ndani ya siku saba na haina orodha nyuma, au orodha imefunikwa na stika, ihesabu kwamba inayo. Halafu kuna tyubu ndogo zenye "Clobetasol" au "Betamethasone", zile ni dawa za hospitali, watu wanapaka uso mzima kila siku, mwezi wa kwanza uso laini kweli, baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi, michirizi, na ukiacha ghafla uso unawaka moto. Aliyekwisha zoea asiache kimya kimya peke yake, amwone daktari wa ngozi.

Mkorogo wa kwenye kikopo kisicho na jina sina hata la kusoma pale.

Kama shida ni mabaka, niacinamide niliyosema pamoja na sanskrini (krimu ya kukinga jua) ya SPF 30 kila asubuhi itakufikisha. Ndio, na sisi weusi, jua ndo linayafanya mabaka yasiondoke.

Vingine vya haraka. "Dermatologically tested", "natural" na "hypoallergenic" mbele ya chupa visikusimamishe, hata Marekani sheria haina maana maalumu ya hilo la mwisho, kila kampuni inajiandikia. "Unscented" sio sawa na "fragrance free", ya kwanza inaweza kuwa imewekewa manukato ya kuua harufu nyingine. Kale kapicha ka kopo lililofunguliwa kameandikwa 12M, maana yake miezi 12 toka ufungue. Angalia namba ya bechi na tarehe ya kuisha, na alama ya TBS (Shirika la Viwango), wao ndo wanasimamia vipodozi Tanzania Bara toka 2019, Zanzibar ni ZFDA (Wakala wa Chakula na Dawa), Kenya ni KEBS (shirika lao la viwango). Na usichukue ile chupa ya mbele iliyoshinda juani barazani kutwa nzima, omba ya ndani.

Ukishanunua paka kidogo kwenye kiwiko kwa ndani siku mbili tatu kabla hujajipaka mwili mzima. Ile yangu ya elfu 15 nilikuja kuimalizia kwenye viatu vya ngozi, viling'aa vizuri tu.