Ol Doinyo Lengai usiku: kampuni nyota mbili, muongozaji nyota tano

Kilele cha Uhuru kule Kilimanjaro nimeshafika, Meru nimepanda mara mbili, kwa hiyo niliposikia Lengai, volkano ya kule Ziwa Natron, ni mita 2,962 tu nikajisemea hicho ni kilima cha wikiendi. Aisee nilikoma. Meru angalau unaenda siku tatu nne na vibanda vya kulala vipo, huku unapandisha zaidi ya mita 1,500 usiku mmoja na unashuka asubuhi hiyohiyo, hakuna kibanda, hakuna kivuli, hakuna tone la maji.

Tulikuwa wanne, tukalipia kampuni moja ya Arusha (jina naliacha). Walituambia kila kitu kimo humohumo, halafu tumeshapita Mto wa Mbu, geti la kwanza hilo, dereva anageuka anatuuliza "mmebeba hela ya geti?" Na njia ile haina geti moja bana. Tochi za kichwani walizotupa nne, mbili betri zimekufa, yaani mtu anapanda volkano kashika simu mdomoni. Nawapa nyota mbili na zote ni za mpishi.

Muongozaji sasa. Kijana wa Kimasai wa palepale kijijini Engare Sero, mguuni katambuga za tairi, sisi na mabuti yetu ya laki mbili tunateleza yeye anatembea kama yuko sebuleni kwao. Saa tano usiku katuamsha, saa sita tuko chini ya mlima, maana jua la bonde lile likikukuta kwenye mteremko umekwisha.

Mwanzo ni majani na majivu laini, unakanyaga mguu unazama. Hapo bado mchezo. Juu zaidi unaingia kwenye mifereji ya majivu yaliyoganda kama sementi iliyopunjwa, ukiweka uzito inamenyeka, na mlima umesimama kiasi kwamba unapanda kwa mikono na miguu. Saa tisa mwenzetu mmoja akakaa chini akasema mimi basi. Kijana hakumbembeleza wala hakumkaripia, alimvua buti, akakung'uta mchanga taratibu moja baada ya jingine, akamfunga kamba za buti, akamwambia "dada usiangalie juu, angalia kisigino changu." Akafika, tena kabla yangu.

Kileleni harufu ni kiberiti kitupu. Mlipuko wa 2007 hadi 2008 uliifumua kreta ikabaki shimo, na uzio hakuna, kwa hiyo wa selfi muwe na adabu. Lava yake haifanani na ya volkano nyingine yoyote inayolipuka duniani leo, imejaa magadi, joto lake nyuzi 500 hadi 600 wakati nyingi za kawaida zinapita elfu, inatoka nyeusi kama oili chafu ya gari halafu ikikaa inageuka nyeupe. Ndio maana kwa mbali utadhani kuna theluji. Wamasai wanauita Mlima wa Mungu, na kukipambazuka pale, Ziwa Natron chini linang'aa, mlima Gelai ule kule, hata mimi mbishi nilinyamaza.

Kushuka ndio kesi yenyewe. Magoti yanatetemeka, vumbi puani, saa tatu asubuhi jua linachoma na maji yangu lita tatu yameisha, beba nne. Glavu lazima, zile za bustani zinatosha, zangu zilitoboka vidole vyote, na kucha mbili za miguu zimekuwa nyeusi mpaka leo naandika hivi.

Njia yenyewe nyota nne, moja nimeikata kwa ajili ya kucha. Namba ya kijana nimechukua, nikirudi nampigia mwenyewe, gari nakodi, na tochi nabeba yangu.