Vichwa vya magnamu: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Kiswahili kina ujanja wake. Risasi ni ile inayotoka mtutuni, na risasi ni yale madini mazito ya kijivu. Anayejijazia mwenyewe risasi za magnamu, zile za bastola ya silinda zenye nguvu kuliko za kawaida, hukwama hapo siku ya kwanza, maana dukani hanunui risasi nzima, ananunua kichwa tu, na kichwa hicho huenda ni cha risasi au cha shaba. Basi tuelewane: kinachoruka nitakiita kichwa, kinachobaki kwenye silinda, lile gurudumu la bastola linalozunguka, ni ganda, kinachogongwa na nyundo ni fataki, na jina la risasi nitawaachia madini.

Naandika nikiwa Boise, Idaho, ambako mwenye haki ya kumiliki bastola ananunua baruti, fataki na vichwa kama anavyonunua misumari. Wa Kenya na Tanzania, ambako silaha na risasi zake huenda kwa leseni, asome kwa kujua tu.

Kabla ya kuuliza aina, uliza unene. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, zangu zikiwemo. Bastola ya .357 Magnum hula kichwa chenye koti la shaba cha inchi 0.357, lakini cha risasi ya kusubu (iliyoyeyushwa na kumiminwa kalibuni) huhitaji 0.358. Ya .44 Magnum, licha ya jina lake, haina uhusiano wowote na inchi 0.44: vya koti ni 0.429 au 0.430, vya kusubu ni 0.430, na bastola nyingine hupenda 0.431. Tofauti ya elfu moja ya inchi utaiona ndogo mpaka siku utakapokaa na brashi.

Mimi nilikaa. Boksi langu la kwanza la vya kusubu lilikuwa la bei poa, vichwa vitupu vya 0.429, na milango ya chemba zangu, yale matundu ya silinda, ilikuwa mipana kuliko hivyo. Kichwa kisipoziba njia, gesi ya moto hupenya ubavuni, inakwangua risasi na kuibandika kwenye kuta za mtutu. Nilipofika pigo la thelathini hivi shabaha ilikuwa imetawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Nikachungulia: ukoko, ule ule wa chini ya sufuria ya wali, isipokuwa huu unang'aa. Jioni nzima nilisugua kwa brashi iliyozungushiwa nyuzi za shaba za kusugulia sufuria, vipande vikatoka kama karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. (Nyuzi hizo zijaribu kwa sumaku kwanza. Zikinasa, ni chuma kilichochovywa shaba, nazo zitakukwaruzia mtutu.)

Kipimo ni rahisi. Hakikisha bastola haina kitu, ing'oe silinda, chukua kichwa kitupu ukisukume kwa kidole kwenye mdomo wa mbele wa kila chemba. Kikipita kwa kubanwa kidogo, umepata saizi. Kikidondoka chenyewe ni chembamba. Kikigoma kabisa ni kinene. Fanya hivyo chemba zote sita, kwani hazifanani kila mara. Njia hii naipenda kuliko kupima mtutu wenyewe: Smith & Wesson huchonga mifereji mitano ndani ya mtutu, hivyo hakuna mfereji unaotazamana na mwenzake, na kalipa ya kawaida (koleo la kupimia unene) itakudanganya.

Sasa tupange foleni.

Wa kwanza kwangu ni kichwa cha kusubu kilichopakwa rangi ngumu ya plastiki, pua bapa na bega kali, kile ambacho boksi lake huandikwa SWC. Kwa .357 chukua cha greni 158, yaani gramu 10 na kidogo. Kwa .44 chukua cha 240 au 250, kama gramu 16. Umbo hili lina mwenyewe. Elmer Keith, mfugaji na mwindaji wa Salmon, papa hapa Idaho, alilichora kwa ajili ya .44 Special, ile ya zamani iliyo pole kuliko .44 Magnum, na kampuni ya Lyman ikauza kalibu yake kwa namba 429421. Keith ndiye aliyeshikilia kwa miaka mingi kwamba itengenezwe ya nguvu zaidi, mpaka .44 Magnum ikatoka mwishoni mwa 1955. Pua bapa hutoboa karatasi tundu la duara safi, na kwa mnyama hupenya moja kwa moja bila kutegemea kupanuka. Mkunjo wa kubania mdomo wa ganda umechongwa kwa kina. Rangi nayo huzuia risasi isiguse mtutu, moshi unapungua, na vidole vyako havigusi madini wazi. Bei yake ni nafuu kuliko vya koti. Kwa mtu wa mazoezi ya kila wiki, sioni sababu ya kuhama.

Ila usidanganywe na neno "ngumu" lililoandikwa kwa herufi kubwa. Risasi tupu ina ugumu wa 5 kwenye kipimo cha Brinell, na vya dukani hufika 18 hadi 22. Kwa mwendo wa pole wa mazoezi, 12 inatosha kabisa. Kichwa chembamba kilicho kigumu kitakuachia ukoko kabla ya kilicho laini chenye saizi sahihi.

Wa pili ni chenye koti la shaba na shimo puani, JHP. Ukiwinda kulungu kwa bastola, hiki kinapanda hadi nafasi ya kwanza. XTP ya kampuni ya Hornady ya greni 240 kwa .44, au 158 kwa .357, ndiyo ninayoijua vizuri: inapanuka bila kusambaratika, na haichagui bastola. Vinakuja 100 kwa boksi, na ukipiga hesabu ya kila kichwa utaelewa kwa nini sivitumii kutoboa makopo. Angalia pia vimetengenezwa kwa mwendo gani. Kichwa kilichokusudiwa bastola, ukikitia kwenye bunduki ya .44 yenye mtutu mrefu kuliko wa bastola, kinaweza kukimbia kupita kiasi na kupasuka juu juu.

Wa tatu ni cha kusubu chenye kikofia cha shaba kitakoni. Kikofia hukinga kitako kisichomwe na gesi, hivyo unaweza kukikimbiza kwa nguvu zote za magnamu. Ni kizuri, lakini siku hizi rangi imemnyang'anya kazi. Vizito vya greni 300 kwenda juu viko kundi hili. Ni vya dubu na viganja vyenye uvumilivu. Kabla ya kuvinunua pima urefu, maana silinda nyingine ni fupi na pua itachungulia mbele.

Wa nne, cha shaba tupu kama XPB ya Barnes. Kwa aliye California hakuna foleni: tangu Julai 1, 2019 risasi za madini ya risasi zimepigwa marufuku kwa uwindaji wote jimboni humo, kwa ajili ya tai wakubwa, kondori, wanaokufa kwa kula mabaki yenye sumu. Kwa wengine ni ghali, na kina jambo moja la kulishika: shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kichwa cha uzito ule ule ni kirefu zaidi na kinakula nafasi ya baruti ndani ya ganda. Usihamishe kipimo cha baruti kutoka kichwa kimoja kwenda kingine kwa kuwa uzito umefanana. Fungua kitabu cha mtengenezaji wa kichwa hicho, anza na kiwango cha chini kilichoandikwa, basi.

Wa tano ni kilichochovywa shaba, kinachong'aa kuliko wote na kuwatia watu hamu. Ngozi yake ni nyembamba. Wauzaji wengi huweka mpaka wa futi 1,250 kwa sekunde kwa vya kawaida, na magnamu iliyoshiba hupita hapo. Kwa mazoezi ya mwendo wa pole, ule wa .38 Special, ni sawa tu.

Nisivyonunua: vyepesi vya greni 110 na 125 kwa .357 yenye umbo dogo. Mtutu wa Model 19 ya Smith & Wesson, bastola iliyotoka 1955, umekatwa bapa kidogo upande wa chini ili upishane na silinda, na hapo ndipo moto mkali wa vichwa vyepesi ulipoleta nyufa kwenye koo la mtutu. Mwaka 1980 kampuni ilileta umbo kubwa zaidi, la 586 na 686. Ukiwa na hizo una nafasi ya kupumua. Ukiwa na Model 19 ya mzee wako, mpe 158 zake.

Ukishachagua, usiagize 2,000. Agiza 100, ujaze sita na kubana midomo ya maganda kwenye mkunjo. Pima urefu wa ile ya sita, iandike, piga tano, kisha itoe hiyo ya sita uipime tena. Bastola nyepesi huruka mkononi kiasi kwamba kichwa kilichobanwa vibaya hutambaa mbele kidogo kidogo. Bwana mmoja tunayelenga naye uwanjani alipata somo hilo: silinda iligoma kuzunguka, pua imekwama kwenye fremu, na ndani ya ganda baruti na fataki nzima. Ilibidi wote tusogee nyuma huku yeye, mtutu ukiwa umeelekea kifusini, akiirudisha silinda taratibu kwa dole gumba. Ikichomoza kwako hata kidogo, bana mdomo wa ganda zaidi au badili kichwa, halafu nenda ukanawe mikono kwa maji baridi na sabuni kabla hujagusa chapati.