Nililipia familia, nikapewa Popo: likizo yangu ya Kichina Chengdu

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka. Bei, idadi ya wiki na saa za darasa zipo kwenye vipeperushi vya kampuni iliyonipeleka, mkasome wenyewe. Langu mimi ni moja tu: karatasi ya polisi.

Ilikuwa likizo ndefu, mwezi wa saba hivi, Chengdu, mkoani Sichuan. Joto la kule halina upepo wa bahari, unatoka jasho umekaa. Kampuni siitaji, waliopita mikononi mwao wataijua. Nilikuwa nimesoma Kichina mwaka na nusu, nimefika pale ambapo mtu unamuuliza swali vizuri kabisa, akikujibu unabaki kumtolea macho. Nikaambiwa dawa ni kwenda kuishi na familia: ule nao, ucheke nao, uongee nao Kichina sanifu kuanzia asubuhi mpaka unalala. "Wewe beba begi lako tu, dada, mengine yote tuachie sisi." Haya maneno niliambiwa nimekaa ofisini kwao Dar, nimepewa na soda.

Kwa asiyejua: ukiwa mgeni China ukalala nyumbani kwa mtu, si hotelini, wewe au mwenyeji wako lazima muandikishe kwa polisi wa mtaa ndani ya saa 24. Sheria hiyo inatumika tangu Julai 2013, si siri ya mtu. Watalii wengi hawaijui kwa sababu hoteli inakuandikisha yenyewe pale mapokezi. Ukichelewa unapewa onyo, na faini inaweza kufika yuan 2,000. Sasa niambieni, kampuni ambayo kazi yake yote ni kuweka wageni majumbani mwa watu, kama hili hailijui inajua nini?

Nilifika Ijumaa usiku. Jumamosi hakuna aliyesema kitu, Jumapili kimya. Jumatatu darasa likaanza. Jumanne mwalimu akapita kukusanya karatasi za uandikishaji, mimi nikampa pasi. Akasema si hii, ile ya polisi. Nikamwambia sina. Yule mama aliniangalia kama nimemwambia sina miguu.

Nyumbani napo palikuwa na yake. Mama mwenyeji alikuwa na mtoto wa miaka tisa anayetakiwa kujua Kiingereza kabla dunia haijaisha. Kila nikifungua mdomo kwa Kichina ananijibu kwa Kiingereza, na baada ya chakula cha jioni nafungiwa mezani na mtoto tunasoma hadithi za sungura. Yaani nimetoka Dar, nimelipa, nimekwenda kufundisha bure. Hilo ningelimeza. Mtoto mwenyewe alikuwa mzuri, alinifundisha matusi mawili.

Jioni ile nikamweleza mama habari ya karatasi. Akapiga simu kwa mratibu wao pale mjini, wakaongea haraka haraka, akakata. Akanigeukia akitabasamu. Tabasamu lile ndilo linaloniuma mpaka leo, bora angefoka. Akasema kwa upole kabisa kwamba hati ya nyumba anayo mume wake, mume yuko safarini, na yeye hataki matatizo na polisi, kwa hiyo usiku huu nikalale hoteli, hoteli wataniandikisha, kesho tutaona. Ilikuwa saa nne usiku. Kwetu Dar ni saa kumi na moja jioni, nikawahi kumtumia kaka wa ofisini ujumbe wa sauti kwenye WeChat, maana WhatsApp kule haifunguki hivihivi. Akanijibu, na hili jibu nimelihifadhi:

"Dada, hiyo ni sheria ya nchi uliyochagua mwenyewe kwenda, ulitakiwa uulize mapema. Halafu wenzako mbona hawalalamiki?"

Wenzako mbona hawalalamiki. Hiyo kauli nimewahi kuisikia kwa konda wa daladala aliyekaa na chenji yangu mpaka Mwenge. Sikutegemea kuisikia kwa mtu niliyempa akiba ya mwaka mzima, na kwa Kiswahili kitamu namna ile. Angekuwa Mchina kanijibu hivyo ningesema labda sijaelewa. Nilielewa kila neno.

Nikatoka na begi. Hoteli ya kwanza, ya uchochoroni karibu na kituo cha metro, dada wa mapokezi aliona jalada la pasi yangu tu akaanza kutikisa mkono: hawapokei wageni wa nje. Ya pili hivyo hivyo. Hili nalo lilikuwa la kawaida kwa hoteli ndogo za kule, ila hakuna aliyeniambia kabla, si ndiyo "mengine tuachie sisi"? Ya tatu ilikuwa kubwa, na bei yake ikanifanya nicheke mwenyewe barabarani. Nikarudi. Saa sita kasoro, naburuta begi lenye gurudumu moja bovu, kelele mtaa mzima.

Getini nikamkuta Popo.

Popo ni bibi wa nyumba ile, mama yake yule baba aliye safarini. Chengdu bibi wanamwita hivyo, popo. Siku nilipomwambia mama yangu kwa simu kwamba nakula na Popo, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Popo yupi tena, wa kwenye mwembe?" Basi Popo alikuwa amekaa kwenye kigoda cha plastiki nje ya geti, upepeo mkononi, kandambili miguuni, chupa ya chai yenye maji ya moto pembeni. Maji ya moto, usiku, joto lile. Kule ndiyo dawa ya kila kitu. Hakuuliza nimetoka wapi. Alinimiminia kwenye kifuniko, akasubiri ninywe mpaka nimalize, akachukua mkono mmoja wa begi, mimi mmoja, tukapanda ghorofa nne. Mlangoni akamwambia mkwewe maneno matatu ambayo mpaka leo sijayajua. Mama mwenyeji akaingia chumbani kwake. Nikalala.

Niseme kitu kuhusu lugha ya Popo, kwa sababu kwenye fomu nilijaza kwamba nataka familia inayozungumza Kichina sanifu. Popo hakuwa nacho hata chembe. Alikuwa na Kichengdu. "Nini" darasani ni shenme, kwake ni sazi. "Sawa" kwake ni yaode. Maziwa, niunai, kwake ni niulai, na mkoa wa Hunan anauita Fulan. Wiki ya kwanza nilihisi nimeibiwa. Baadaye nikajiuliza, kwetu hakuna watu wanaokwenda kupiga kula siku ya uchaguzi na wanaokura ugali? Mbona tunaelewana? Lakini balaa lenyewe ni namba. Kwenye Kichina sanifu nne ni si, kumi ni shi. Popo hana sh. Nne ni si, kumi nayo ni si, tofauti iko kwenye mwinuko wa sauti tu, na sikio langu la Kiswahili, lililozoea mkazo kukaa silabi ya pili kutoka mwisho na kutulia hapo, lilikuwa halioni tofauti yoyote.

Namba zenyewe nilizishika mezani kwake, kwenye mahjong, mchezo wao wa vigae. Ya Sichuan inachezwa kwa vigae 108, hakuna vya upepo wala vya majoka, ni namba tupu moja mpaka tisa. Kumi haipo. Kwa hiyo pale kila si ni nne, nikawa bingwa. Sikujua ubingwa wangu unaishia mezani.

Asubuhi ya Jumatano saa mbili kasoro, Popo kashavaa. Ana mfuko wa kitambaa wa sokoni, ndani kitabu cha hukou, yaani cha uandikishaji wa kaya, chenye jalada jekundu, kitambulisho chake, na hati ya nyumba. Ile ile hati iliyosemekana iko safarini. Aliitoa wapi sijui na sikuuliza. Tukaenda kwa miguu, yeye mbele.

Kituoni askari alikuwa kijana, Kichina chake safi kama cha redioni. Akachukua pasi, akatazama viza, akauliza niko kwenye nyumba hiyo siku ngapi. Nikahesabu Ijumaa usiku, ikatoka nne na kitu, nikasema kwa kujiamini kabisa: si tian. Siku nne. Kijana akanyanyua macho.

"Shi tian?"

Siku kumi. Nikasema hapana, si. Akasema ndiyo, si, kumi. Nikaongeza sauti, kama kawaida yetu mtu asipotuelewa: si! Akaanza kuandika. Nikaona kalamu inashuka kwenye karatasi, nikaona yuan 2,000 zinaondoka, nikaona tiketi yangu ya ndege. Popo akapiga kaunta kwa kiganja, paa! Akainua vidole vinne mbele ya pua ya yule kijana, kidole gumba kakikunja ndani, mkono unatetemeka kwa uzee au kwa hasira, akamwambia kwa Kichengdu kitu kirefu chenye "yaomei" mara mbili. Yaomei ndivyo alivyokuwa akiniita mimi, ni kama kusema binti wetu wa mwisho. Kijana akacheka, akafuta. Kumbe naye ni mtoto wa Chengdu, akabadili lugha palepale, wakaanza kuulizana wanakaa mtaa gani.

Nilipewa onyo la mdomo na karatasi. Muda wote huo, dakika ishirini hazikufika. Dakika ishirini ambazo kampuni ya watu wenye ofisi na vitambulisho vya shingoni ilishindwa kuzitoa, akazitoa bibi wa miaka sabini na kitu asiyejua kusoma jina langu, na akakosa mchezo wake wa asubuhi.

Sasa hukumu. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshaamua nyota moja, na hiyo moja kwa sababu sifuri haikubali. Bado nasema msiwape hela hawa watu. Mkitaka kwenda, andikeni moja kwa moja kwa chuo cha kule, wakisema mtakaa kwa familia ulizeni swali moja tu, nani ananipeleka polisi na siku gani, na jibu walitoe kwa maandishi. Wakianza "usijali", ondokeni.

Lakini nikisema nilipoteza hela nitakuwa mwongo, na hilo linanikera zaidi. Baada ya siku ile niliacha kuvizia Kiingereza cha mama mwenyeji, nikawa nashuka na Popo sokoni, kwenye chai, mezani. Nilikula mapo doufu yake, tofu ya pilipili, mpaka midomo ikafa ganzi kama nimetoka kwa daktari wa meno, ndiyo ile pilipili yao ya huajiao, na nikizila zile punje kwa bahati mbaya alikuwa anacheka mpaka anashika meza. Niliporudi chuoni mwalimu wetu wa mazungumzo alinisimamisha katikati ya sentensi akaniuliza nimetoa wapi lafudhi ya muuza mboga wa Sichuan. Darasa likaangua kicheko. Nilifurahi kuliko alama yoyote niliyowahi kupata. Hiyo ni huduma ya kampuni? Hapana jamani. Kwenye mkataba Popo hayupo. Nimeusoma tena jana, neno bibi halimo. Ila bila wao nisingefika kwenye lile geti, na wao wakilisoma hili watalikata hapo wabandike kwenye kipeperushi, nawajua.

Walinitumia fomu ya maoni. Wakaniahidi punguzo msimu ujao, kama vile mtu aliyekuangusha kwenye bodaboda anavyokuambia kesho atakupakia kwa nusu bei. Swali la mwisho lilikuwa: je, unapendekeza familia hii kwa mwenzako, ndiyo au hapana. Nimekaa nalo wiki tatu. Mama na lile tabasamu, hapana. Popo, simgawi kwa mtu.

Wakati naandika hapa ameingia na ujumbe wa sauti, sekunde hamsini na tisa, maana WeChat inakata kwenye sitini na yeye ameshajua kupima. Kuna kuku nyuma, kuna vigae vinagongana. Nimeshika "umekula?", nimeshika yaomei, nimeshika kwamba mtoto amefeli Kiingereza. Mwishoni anauliza kama nitarudi baada ya miezi si. Nimerudia mara sita. Sijui ni minne au kumi.