Quatre Bras juu ya meza: uzoefu wangu wa siku nzima ya vita vya Napoleon

Kwa mnaoniuliza kama vita vya mezani, yaani michezo ya kuigiza mapigano ya zamani kwa visanamu na dadu, vinastahili kiingilio, nauli na Jumamosi nzima, jibu langu ni kwamba vinastahili, mradi mwandaaji awe anajua kuficha. Hapa Uingereza michezo hii ipo mingi, na nimeiona ya kila aina. Mahali pengine unakuta visanamu vimepakwa rangi mpaka vifungo vya koti, nyumba zina mapaa ya vigae, mto unang'aa kama maji ya kweli, lakini kila mchezaji anaona kila kitu tangu dadu la kwanza linaporushwa. Unaondoka umefurahisha macho, ila kuhusu pigano lenyewe hujaongeza kitu.

Hawa ninaowaandikia leo ni kikundi kidogo cha wapenzi wa historia. Wanakodi ukumbi wa kanisa, wanaleta meza, majeshi na kanuni zao, na mchezaji anakuja mikono mitupu. Kiingilio ni kidogo. Nauli yangu ya treni ilikuwa kubwa zaidi. Safari hii walichagua Quatre Bras.

Kwa asiyelifahamu pigano hili, ni la tarehe 16 Juni 1815, siku mbili kabla ya Waterloo, pigano la mwisho la Napoleon, mfalme wa Wafaransa, katika ardhi ambayo leo ni Ubelgiji. Quatre Bras ni njia panda: barabara ya Charleroi kwenda Brussels inakatana na ile ya Nivelles kwenda Namur. Napoleon mwenyewe alikuwa Ligny siku hiyo, kilomita kama kumi hivi kutoka hapo, akipambana na Waprusia, Wajerumani wa jenerali Blücher. Marshali Ney ndiye aliyetumwa kuitwaa njia panda ili Wellington, kamanda wa Waingereza na washirika wao, asipate upenyo wa kuwasaidia Waprusia hao. Mapigano yalipoanza saa nane mchana, Ney alikuwa na askari wapatao 18,000 wa Jenerali Reille. Mbele yake walikuwepo Waholanzi, Wabelgiji na Wajerumani wa Nassau wapatao 8,000, wenye mizinga 16. Ukitazama namba tu, ilikuwa kazi ya saa moja au mbili. Giza lilipoingia, njia panda ilikuwa bado mikononi mwa Wellington.

Ney amelaumiwa kwa hilo miaka yote hii. Mimi pia nilikuwa naungana na wanaomlaumu, na ndiyo maana nilitaka sana kucheza upande wa Wafaransa.

Tulikwenda wawili. Rafiki yangu wa Mombasa alipewa nafasi ya Ney, mimi nikapewa Reille. Jambo la kwanza lililonionyesha kwamba hapa kuna watu makini ni kwamba Ney hakuruhusiwa kukaa mezani. Aliwekewa kiti pembeni ya ukumbi, nyuma ya ubao, na ramani ya karatasi. Alichokijua ni kile tu tulichomwandikia sisi tulioko mbele. Amri zake nazo zilikuja kwa karatasi, na mwamuzi alizichelewesha kulingana na umbali na dadu, kwa sababu tarishi juu ya farasi hafiki papo hapo. Ney alitaka kuona kwa macho yake? Ruksa, lakini kisanamu chake kilipaswa kwanza kutembea mezani zamu nzima, na muda wote huo hakuna amri mpya iliyotoka. Kila zamu ni nusu saa ya pigano, kwa hiyo kutoka saa nane mchana hadi saa tatu usiku zinapatikana zamu 14 tu. Unazihesabu zinavyokwisha kama fedha mfukoni.

Sasa niwaambie kuhusu rai. Hii ni nafaka ya jamii ya ngano, na mwezi wa Juni ule ilikuwa imesimama ndefu kumpita mtu. Waandaaji wameitengeneza kwa mikeka ya mlangoni ya makumbi ya nazi, ile ya kupangusia miguu, wakaikata vipandevipande na kuipulizia rangi ya majani makavu. Kisanamu cha askari, chenye urefu wa milimita 15, kikiingia humo unaona ncha ya singe tu. Kanuni inasema batalioni iliyo ndani ya rai haionekani ukiwa mbali zaidi ya inchi nne, na aliye ndani naye haoni nje. Mwamuzi alikuwa akipima kwa futi kamba, taratibu, bila kusema neno.

Upande wa pili adui hakuweka visanamu hata kimoja mwanzoni. Aliweka kadi zenye namba: nyingine pembezoni mwa msitu wa Bossu upande wetu wa kushoto, nyingine karibu na shamba la Gemioncourt katikati, nyingine kule Piraumont kulia. Baadhi ya kadi zina batalioni chini yake. Baadhi hazina kitu. Huwezi kuijua ya kweli mpaka uisogelee au ikupige risasi.

Karatasi ya kwanza kutoka kwa Ney wetu iliandikwa Kiswahili: "Ndugu yangu, songa mbele, unangoja nini?" Nikamjibu: "Kaka, nina kadi sita mbele yangu na sijui ipi ina watu. Wellington unamjua." Mwamuzi akaomba tumtafsirie kabla hajaipitisha, akaandika saa, akaipeleka.

Mazungumzo hayo yalikuwa ya kweli kuliko tulivyodhani. Reille alikuwa amepigana Hispania, anaijua tabia ya Wellington ya kulaza askari wake nyuma ya mgongo wa kilima wasionekane mpaka dakika ya mwisho, na siku ile alimtahadharisha Ney kuhusu jambo hilohilo. Ukiwa umekaa na ramani ya leo, yenye kila kikosi na jina lake, tahadhari hiyo inaonekana ni woga. Ukiwa umesimama mbele ya kadi sita na mikeka ya makumbi, ndiyo akili pekee uliyonayo. Na wakati wewe unafikiri, saa inakwenda: mnamo saa tisa na kitu divisheni ya Picton, jenerali wa Wellington, inaanza kuingia kutoka Brussels, baadaye Wajerumani wa Brunswick na mtawala wao ambaye hatatoka hai, jioni jenerali mwingine, Alten, na walinzi wa kifalme wa Uingereza. Kila kadi unayoifunua polepole unailipia kwa watu wanaowasili. Sijawahi kusoma ukurasa ulionifanya nimwelewe Ney kama zilivyofanya zamu nne za kwanza za mchezo huu.

Kanuni za mapigano yenyewe ni za wastani, na sitazieleza zote. Batalioni inaweza kuwa kwenye mstari, kwenye safu nene ya kutembelea, au kwenye mraba. Mstari unapiga risasi vizuri, safu inatembea haraka, mraba unawazuia farasi. Mraba huohuo mizinga inaufyeka. Kubadilisha umbo kunakula muda, na hapo ndipo wapanda farasi wanapopata riziki yao.

Zamu ambayo sitaisahau ni ile ya Kellermann, jenerali wa upande wetu. Alikuja na brigedi moja tu ya wapanda farasi wenye dirii za chuma kifuani, wapatao 800, akatakiwa avunje katikati ya jeshi zima. Ney wetu aliandika amri kwa mkono unaotetemeka, nikaona wino umeruka. Mwamuzi akasogeza vile visanamu kuipita Gemioncourt, akasimama inchi chache kutoka kwenye batalioni ya Waingereza, wenye koti nyekundu, iliyokuwa mstarini kando ya rai. Mchezaji wa upande ule, mzee mmoja mpole aliyekaa kimya tangu asubuhi, alitakiwa arushe madadu mawili apate 7 ili askari wake wawahi kuunda mraba. Kanuni ilimpunguzia moja kwa sababu ya rai, na nyingine kwa sababu kamanda wa juu wa upande wake alikuwa ametoa amri tofauti katika zamu iliyopita. Akapata 8. Ukitoa mbili, zinabaki 6.

Hapo mwamuzi alisimamisha mchezo akatueleza kanuni ile imetoka wapi. Siku ile ya kweli, rejimenti ya 69 ya Uingereza ilikuwa inaunda mraba pale Mwanamfalme wa Orange wa Uholanzi, kamanda chini ya Wellington na kijana wa miaka 22, alipoiamuru irudi mstarini. Farasi wa Kellermann wakaikuta hivyo, wakaifyeka na kuondoka na bendera yake ya kifalme. Kellermann alifika mpaka kwenye njia panda yenyewe, lakini hakuwa na mtu wa kumfuata nyuma. Farasi wake akauawa, naye akaokoka kwa kuning'inia kwenye hatamu za farasi wawili wa askari wake. Kwetu mambo yalikwenda karibu vivyo hivyo: tuliivunja batalioni, tukafika njia panda, tukatimuliwa na mizinga. Yule mzee alikusanya visanamu vyake kimoja kimoja, akavilaza ndani ya boksi lenye sponji kwa uangalifu mkubwa. Alikuwa amevipaka rangi mwenyewe.

Mwamuzi ndiye anayebeba siku nzima. Utaratibu huu wa kuwa na mtu wa katikati anayejua kila kitu huku wachezaji wakijua kidogo una asili ya Prussia, ambako Luteni von Reisswitz aliutoa mchezo wake wa kivita mwaka 1824, kwa ramani na vipande vya kuwakilisha vikosi. Mkuu wa majeshi aliyeukubali na kuusambaza ni von Müffling, na huyu ndiye aliyekuwa ofisa wa Waprusia kwenye makao ya Wellington katika kampeni hiihii ya 1815. Mtu aliyeshuhudia namna habari zinavyochelewa na kupotoka njiani, miaka tisa baadaye anaona mchezo unaofundisha jambo hilo na anaupa kibali. Nikilifikiria hilo, naona michezo isiyo na mwamuzi imeacha kiini chake nje.

Pamoja na sifa zote hizo, kuna jambo ambalo naona limewashinda. Jenerali d'Erlon wa Wafaransa alikuwa na watu wapatao 20,000, na siku nzima ile alitembea kati ya Quatre Bras na Ligny bila kupigana popote: aliitwa upande wa Napoleon, akakaribia, Ney akamwita arudi, akafika usiku umeingia. Waandaaji wamemfanya awe suala la dadu. Kila zamu kuanzia saa kumi na moja unarusha, ukipata 6 anakuja. Hii inaudhi, kwa sababu balaa la d'Erlon halikuwa bahati mbaya. Lilitokana na mabwana wawili kumvuta mtu mmoja, kila mmoja akiwa haoni anachokiona mwenzake. Mpe mchezaji wa kweli nafasi hiyo, mletee barua mbili zinazopingana, mwache aamue. Niliwaambia hivyo siku ileile, wakasikiliza.

Mengine ni madogo. Ukumbi una baridi, nenda na sweta. Chakula hakipo, na duka la karibu liko mbali. Karatasi ya kanuni imebanwa sana kwa herufi ndogo. Wangeichapa upya kwa upana ingewasaidia wageni, ingawa mwamuzi anakumbuka kila kitu na hachoki kuulizwa. Wanatumia visanamu vya milimita 15 badala ya vile vikubwa vya 28 vinavyopendeza kwenye picha, na nawaunga mkono: kwa vikubwa, batalioni moja inakula meza kiasi kwamba nyuma ya jeshi hapabaki pa kuficha kitu.

Je, mtu asiyejua historia hii atafurahi? Nadhani ndiyo, kwa sharti la kusoma ile kurasa moja wanayotuma kabla. Mtoto wa chini ya miaka kumi na mbili atachoka kabla ya saa sita. Anayependa kushinda tu asije, maana mwisho wa siku mwamuzi hatangazi mshindi; anafunua kadi zote, na watu wanasimama kuizunguka meza kuona nani alikuwa wapi. Zile kadi sita zilizokuwa mbele yangu, tatu hazikuwa na mtu.

Wametangaza kwamba mara nyingine watacheza Ligny na Quatre Bras kwa pamoja, meza mbili katika vyumba viwili, na mchezaji wa d'Erlon atakuwa kwenye korido akipokea barua kutoka pande zote. Nimeshalipa, na nimeomba nafasi hiyo nipewe mimi.