Leza ya heliamu-neoni ya mtumba: kagua glasi kabla hujataja bei

Wadau, karibuni. Mezani leo kuna silinda ya alumini, urefu sentimita 27, kipenyo milimita 44.5. Nyuma yake unatoka waya mnene mweusi wenye plagi ya duara ya pini mbili. Pembeni kuna boksi la chuma lenye swichi ya ufunguo. Mzigo kama huu ukiukuta Gerezani, Dar es Salaam, umelala kati ya UPS na printa zilizokufa, muuzaji atakwambia ni mashine ya hospitali, na bei atakayotaja itakuwa ya hospitali kweli.

Kitambulisho chake ni hiyo plagi. Inaitwa Alden, imetengenezwa kwa ajili ya volti kubwa, na kalamu za leza za kawaida hazina kitu kama hicho. Ndani ya silinda kuna tyubu ya glasi yenye heliamu nyingi na neoni kidogo, na kila mwisho una kioo kidogo. Ya kwanza ya aina hii iliwaka Bell Labs, Marekani, Desemba 1960, ila mwanga wake haukuonekana kwa macho. Wekundu tunaoujua, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 632.8, ulifuata 1962. Mitumba mingi ni ya wekundu huo. Ukikuta lebo imeandikwa 543.5, hiyo ni ya kijani; 594.1 ni ya njano. Hapo usishangae kwa sauti, maana ni adimu na zina bei hata zikiwa dhaifu.

Sasa lebo. Hii inasema 5 mW, yaani miliwati tano, na hapo ndipo wengi wanapigwa. Namba hiyo ni kikomo cha daraja la usalama, si nguvu inayotoka. Urefu wa tyubu unasema ukweli zaidi: ya sentimita 12 hadi 15 hutoa kama nusu hadi miliwati moja, ya sentimita 25 hivi hutoa moja hadi tatu, na miliwati tano halisi zinataka tyubu ya sentimita 35 au zaidi. Kwa hiyo silinda hii, lebo iseme itakavyo, nategemea miliwati mbili.

Tuingie kwenye glasi, maana pesa yako yote iko hapo. Fungua kifuniko cha mbele, mulika tochi. Angalia kwanza kioo kimeungwaje na tyubu. Ukiona shingo ya chuma na pete nyembamba ya glasi iliyoyeyushwa, hiyo imezibwa kwa moto na inaweza kukaa miaka mingi kabatini. Ukiona gundi, jua kwamba heliamu hupenya polepole hata isipotumika, na tyubu za zamani za gundi nyingi zimeshakufa zikiwa safi kabisa kwa nje. Kisha tafuta doa la fedha kwenye ukuta wa glasi. Ni bariamu, kazi yake kumeza hewa chafu. Likiwa linang'aa kama kioo, vizuri. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia. Rudisha kifuniko, mshukuru muuzaji, ondoka. Na shingo ya kioo usiiguse wala usiining'inizie kitu. Ikipinda hata kidogo, tyubu itawaka vizuri kabisa na mwale hautatoka.

Pawa saplai. Geuza boksi usome. Hili limeandikwa 115V, limetengenezwa kwa soko la Marekani. Ukilichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 za Tanesco umelichoma, na ndani limemiminwa gundi ngumu, fundi hana pa kushika. Tafuta transfoma ya kushusha kwanza. Halafu linganisha mkondo: tyubu ndogo hutaka miliampi 3.5 hadi 5, kubwa hufika 6.5. Volti za kuendesha ni kati ya 900 na 2,500 kutegemea urefu, lakini kuwasha kunahitaji 7,000 hadi 10,000. Saplai ndogo kwenye tyubu kubwa itafanya tik, tik, tik, iwake na kuzima bila kutulia. Kubwa kwenye ndogo ni mbaya zaidi: mwanga hauongezeki, tyubu inachakaa tu.

Tyubu ikija uchi bila silinda, inahitaji rezista (kizuia mkondo) ya kama kiloomu 75 karibu kabisa na anodi, yaani upande chanya wa tyubu. Tatu za kiloomu 27, wati 2 kila moja, ukiziunga mfululizo zinatosha. Ukiiweka mbali, waya katikati unageuka kapasita, yaani unatunza chaji, na mwanga unapepesa. Kathodi, upande hasi, ni ule wenye kopo kubwa la alumini ndani. Ukigeuza nyaya, chuma cha anodi kitaruka na kupaka kioo, na hilo halisafishiki.

Tunawasha. Viatu vikavu, mkono mmoja mfukoni, macho mbali na mstari wa mwale. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi: ukisikia mlio wa cheche au kunusa harufu kali ya ozoni, zima, subiri, toa chaji iliyobaki kwa waya wenye mpini wa plastiki, futa glasi kwa spiriti, iache ikauke. Hiyo mara nyingi ni uchafu wa nje, na ni sababu nzuri ya kushusha bei.

Rangi ndani iwe ya chungwa-waridi angavu. Zambarau au bluu ni hewa. Ukiwa na shaka, itazame kupitia CD ya zamani: gesi safi hutoa mistari myembamba iliyoachana, nitrojeni huongeza mikanda minene upande wa bluu.

Kupima nguvu, tumia fotodiodi ya BPW34, kijisehemu kinachogeuza mwanga kuwa mkondo, na mita ya kawaida upande wa miliampi. Kwa wekundu huu, miliwati moja hutoa takriban miliampi 0.4. Acha ipate joto dakika 15, kwa sababu mwanzoni namba hupanda na kushuka yenyewe. Hii imetulia kwenye 0.7, yaani kama miliwati 1.75. Nzima.

Bei, kwa mtazamo wangu. Kalamu ya leza ya shilingi elfu chache inamulika ukutani vilevile, kwa hiyo kama unataka doa jekundu tu, hii huihitaji. Anayeihitaji ni mwalimu wa fizikia au mtu wa hologramu (picha za pande tatu), anayetaka mwale wa duara safi na rangi moja iliyotulia. Kwa huyo, seti hii ikiwa imewashwa mbele yake, 150,000 hadi 200,000 ni halali. Haijawashwa, "ilikuwa inafanya kazi ofisini"? Huo ni mbuzi kwenye gunia: 40,000, na hizo ni za saplai, tyubu nahesabu sifuri. Saplai ikiwa ya volti 230, ongeza kidogo, kwa sababu umeokoa transfoma.